Maana ya Majilio: Kungoja na Kutengeneza Njia

Siku moja ya mwisho wa Novemba, katika darasa la Kiswahili hapa Muganza, nilikuwa nikieleza majina ya nyakati na majira: masika, kipupwe, Ramadhani, Kwaresima, Majilio. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akasimama akauliza: "Mwalimu, Yesu amekwisha kuzaliwa. Kwa nini kila mwaka tuambiwe tumngoje? Mtu hujiandaaje kwa jambo lililokwisha tokea?" Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Kengele ikalia, ikaniokoa. Swali lile nililichukua hadi nyumbani, na leo nalileta mbele ya walimu wenzangu, kwa kuwa naona ni swali la lugha, tena ni swali la imani, na zaidi ya yote ni swali la uadilifu.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Wakristo wa Magharibi huyaita majuma manne yatanguliayo Noeli kwa neno la Kilatini *adventus*, maana yake kuja au kufika. Kinyarwanda kimelipokea neno hilo na kulipa sauti zake, kikasema Adiventi. Hata jina la Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika Rwanda, latoka katika shina hilo hilo, ingawa wao hawaadhimishi msimu huu. Kwao kinachotazamiwa ni kurudi kwa Bwana mwisho wa nyakati. Kiswahili hakikukopa. Kilitafuta ndani ya hazina yake, kikatoa neno Majilio.

Yafaa tulitazame neno hili kwa makini, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu kunyambua vitenzi. Asili yake ni kuja. Tukitia kauli ya kutendea twapata kujia. Tukiongeza tena twapata kujilia. Mtu akisema, "Mgeni amekuja," ametupa habari tu. Huenda mgeni yu njiani, huenda amefikia kwa jirani. Lakini akisema, "Mgeni amenijilia," mambo yamebadilika: sasa yupo anayekuja, na yupo anayejiliwa. Tungaliweza kuridhika na neno ujio, ambalo husema kufika kwa mtu na kuishia hapo. Majilio ladai zaidi. Ladai mwenyeji. Bila mtu wa kujiliwa, hakuna majilio. Kuna kuja tu.

Naam, hapo twaanza kuona mlango wa kulijibu swali la mwanafunzi. Kuja kwa Kristo ni tukio la wakati uliopita. Kalamu ya mwandishi yeyote haiwezi kulirudisha nyuma wala kulisogeza mbele. Lakini je, amemjilia nani? Amenijilia mimi? Jambo la kwanza limekwisha. La pili halijaisha, na kwa wengine halijaanza. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, aliyeishi katika karne ya 12, aliwafundisha watawa wake kwamba kuna kuja mara tatu: kule kwa kwanza katika mwili, kule kwa mwisho katika utukufu, na kule kwa kati, kusikoonekana kwa macho, ambako Bwana humjia mtu moyoni katika maisha ya kila siku. Kuja kwa kwanza twakukumbuka. Kuja kwa mwisho twakutumaini. Kuja kwa kati ndiko kunakohitaji maandalizi, kwa sababu ndiko kuwezako kukataliwa.

Historia ya msimu huu yaonyesha kwamba tangu zamani haukuwa wa kukaa kitako. Katika karne ya 5, Askofu Perpetuus wa Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliagiza watu wafunge siku tatu za kila juma, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Baadaye Roma iliufupisha msimu ukawa wa Jumapili nne. Jumapili ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo Majilio hayapungui siku 22 wala hayazidi 28. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia wamebaki na mfungo mrefu zaidi, wa siku zaidi ya 40, waufungao kabla ya Noeli yao ya mwanzoni mwa Januari. Nao jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika Bugarama, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wao wajua kwamba Ramadhani haiingiwi ghafula, na kwamba katika Shaaban mtu huanza kuuzoeza mwili na kuutazama moyo. Mambo makubwa huwa na kizingiti chake.

Kanisani rangi ya Majilio ni zambarau, rangi ya toba. Utukufu hauimbwi siku za Jumapili. Lakini Aleluya, ambayo katika Kwaresima hunyamazishwa, katika Majilio huendelea kuimbwa. Toba na furaha zimekalishwa kiti kimoja. Na ile desturi ya kuwasha mishumaa ilianzia Ujerumani. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg, Mlutheri mmoja aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini, nao hawakuacha kumwuliza Noeli ingali mbali kiasi gani. Akachukua gurudumu, akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kazi na mikubwa minne kwa Jumapili, ili kila mtoto aione siku ikikaribia. Ni kazi nzuri ya mwalimu. Lakini yafaa tukumbuke mpaka wake: mshumaa huhesabu siku, haumtengenezi mtu. Kalenda italeta tarehe 25 Desemba hata kama hakuna aliyejiandaa. Kama Majilio ni kuhesabu siku tu, basi mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kucheka.

Basi maandalizi ni nini? Hapa naomba msomaji ashuke nami hadi mahali tunapoishi, maana jibu nililipata njiani kabla ya kulipata kitabuni.

Muganza ipo kusini-magharibi mwa Rwanda, katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Cyangugu. Hapa milima huteremka hadi uwanda wa Bugarama, na mtoni Rusizi ndiko chini kuliko kote nchini, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Ng'ambo ya Ruhwa ni Burundi. Katika uwanda ule watu hulima mpunga. Yeyote aliyemtazama mkulima wa mpunga ajua kwamba kungoja si kulala. Akisha kupandikiza miche hufungua maji na kuyafunga, hupalilia, hufukuza ndege. Hawezi kuuvuta mpunga uive kabla ya wakati wake. Lakini asipofanya kazi, wakati ukifika hautamkuta na kitu. Wahenga walisema subira yavuta heri, nao hawakusema kwamba subira hukunja mikono.

Tena, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, nchi nzima hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja, iliyowekewa sheria mwaka 2007. Mvua za Novemba huchimba makorongo katika barabara za udongo, nasi hutoka na majembe, tukafukia mashimo, tukazibua mifereji, tukakwangua tope lililoporomoka kutoka mlimani. Mara nyingi Jumamosi ya mwisho ya Novemba huangukia mkesha wa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku chache baadaye, katika Jumapili ya pili, hao hao waliokuwa na tope miguuni husikia kanisani habari za Yohane Mbatizaji na unabii wa Isaya: njia ya Bwana inyoshwe, mabonde yafukiwe, vilima vishushwe. Msomaji wa nchi tambarare huenda akaliona neno hilo kuwa pambo la lugha. Mtu wa nchi ya vilima elfu hulisikia mgongoni mwake. Ajua kufukia korongo ni kazi gani.

Na Luka asimulia kwamba watu walimwuliza Yohane: basi, tufanye nini? Majibu yake yanastaajabisha kwa udogo wake. Hakuwaambia wahame, wala hakuwapa fumbo. Mwenye mavazi mawili ampe asiye na kitu, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimpore mtu, wasimsingizie, waridhike na mshahara wao. Hakumwambia mtoza ushuru aache meza yake, wala askari avue sare. Kila mmoja aliambiwa atengeneze sehemu ya njia inayopita mbele ya mlango wake. Katika nchi yetu, ambako mipaka ya nchi tatu hukutana, na akina mama huvuka asubuhi na vikapu vya nyanya vichwani, maneno ya ushuru na askari si ya kale hata kidogo. Vivyo hivyo kwa sisi walimu: alama isiyostahili aliyopewa mtoto wa rafiki, neno la dharau aliloambiwa mtoto wa fukara mbele ya wenzake. Hayo ndiyo makorongo yetu.

Lakini kuna korongo moja ambalo mwandishi wa Majilio katika Rwanda hana ruhusa ya kulizunguka.

Wanyarwanda wana msemo wa kale: *Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda*, yaani, Mungu hushinda kwingine, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Na wataalamu wa mila wameandika kwamba zamani wanawake walikuwa wakiacha maji kidogo chomboni usiku, ili Imana asikose maji ya kuumbia mtoto. Tazama jinsi imani hii ilivyo karibu na Majilio! Kuna ajaye, kuna mwenye nyumba, na kabla ya kulala kuna tendo dogo la kumpokea. Waswahili nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mawazo ya pande zote mbili, kuja kwa mgeni ni uzima wa nyumba.

Sasa tukumbuke Majilio ya mwaka 1993. Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 28 Novemba. Wanyarwanda walio wengi walikuwa Wakristo. Nyimbo ziliimbwa, Isaya akasomwa, Noeli ikafika. Katika majuma hayo hayo redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai ya mwaka ule, ilikuwa ikimwaga chuki dhidi ya Watutsi ndani ya nyumba za watu. Miezi minne haikupita tangu Noeli ile, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Parokia ya Mibilizi, iliyoanzishwa mwaka 1903 na ambayo ni miongoni mwa misheni za kwanza za Rwanda, iko katika wilaya yetu hii. Mwezi Aprili 1994 watu walikimbilia huko wakidhani nyumba ya Mungu itawahifadhi, nao wakauawa pale pale. Miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa.

Je, watu hao hawakuwa wameadhimisha Majilio? Waliyaadhimisha. Walihesabu Jumapili zote nne. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wangu si la mzaha tena. Ikiwa msimu waweza kuadhimishwa kikamilifu na mioyo ikabaki ilivyo, una faida gani? Mimi sioni njia ya kukwepa jibu: msimu peke yake hauna faida. Mtu aweza kuimba njoo, njoo, akiwa amekwisha kufunga mlango. Na mlango unaofungwa mbele ya uso wa jirani ndio mlango huo huo ambao mgeni angepitia. Hatuna mlango wa pili, mmoja wa Mungu na mwingine wa watu.

Tarehe 20 Novemba 2016, Jumapili moja kabla ya Majilio ya mwaka huo, ujumbe wa maaskofu Wakatoliki wa Rwanda ulisomwa makanisani. Waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji yale. Wako waliosema umechelewa, na wako waliosema haukutosha. Sitaki kuamua shauri hilo hapa. Nasema tu kwamba, kwa kuangalia kalenda, neno lile lilikaa mahali pake: kabla ya kuimba njoo, twambie kwanza nini kimeziba njia.

Tena kuna mfano ulio karibu zaidi nasi. Katika parokia ya Mushaka, humu humu Rusizi, Padre Ubald Rugirangoga, aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki Januari 2021, alianzisha mafundisho kwa watu waliokuwa wametoka gerezani baada ya kukiri kushiriki mauaji. Hawakuruhusiwa kurudi mara moja kwenye meza ya Bwana. Walifundishwa kwa miezi, wakatakiwa kuwaendea wale waliowatenda mabaya, na mwisho kuomba msamaha mbele ya jumuiya. Nao walionusurika waliandaliwa kwa mafundisho yao wenyewe. Padre huyo hakuwa akisema kwa mdomo tu: mama yake na ndugu zake wengi waliuawa mwaka 1994, naye alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasomesha watoto wa mtu huyo.

Katika mpango huo naona sura ya kweli ya Majilio, ingawa haukufungwa na majuma manne ya kalenda. Kuna muda uliowekwa, kwa kuwa moyo haubadiliki kwa amri. Kuna kungoja kunakouma, maana aliyeizoea Komunyo hutazama wengine wakiikaribia naye amebaki kitini. Kuna kazi ya kufanya, nayo ni kutembea hadi nyumba fulani na kubisha hodi. Na kuna jambo lisilo mikononi mwa mtu: jibu la yule anayefungua mlango.

Hapo pana hatari ambayo ni lazima niitaje. Sisi wahubiri na walimu hupenda habari zenye mwisho mwema, na kwa kuzipenda twaweza kumtwika aliyeumizwa mzigo wa pili: asamehe upesi, asamehe kabla ya Noeli, ili sherehe yetu isiharibike. Hiyo si haki. Yohane hakuwaambia waliodhulumiwa wajiandae kuwapokea watoza ushuru. Aliwaambia watoza ushuru waache kudhulumu. Kazi ya kutengeneza njia ni ya yule aliyeiharibu. Aliyepoteza wake ana haki ya kungoja, hata miaka, na pengine aingojayo ni habari moja tu: mahali ilipo miili ya watu wake apate kuizika kwa heshima. Anayejua mahali hapo naye amenyamaza, anaimba nyimbo za Majilio bure. Akisema, amefukia korongo moja. Msamaha ukija, utakuja kama mgeni ajavyo: hatoi amri mwenyeji, wala mgeni hakokotwi.

Labda mtu ataniambia kwamba nimeupeleka mbali msimu wa watoto na mishumaa. Nami namjibu kwamba sikuupeleka mimi. Ukisoma masomo ya Majilio utaona kwamba Jumapili ya kwanza haisemi habari za mtoto mchanga hata kidogo. Husema kesheni, kwa kuwa hamjui siku. Mtoto huja mwishoni. Kwanza huja swali: akifika usiku huu, atakukuta ukifanya nini, na jirani yako atasema nini juu yako?

Nilirudi darasani siku iliyofuata. Nilimwita yule mwanafunzi asimame, nikaandika ubaoni maneno matatu: amekuja, amenijia, amenijilia. Nikamwambia aeleze tofauti. Akafikiri kidogo, akasema: "La kwanza ni habari yake. Hayo mengine ni habari yangu mimi." Nikamwuliza kama swali lake la jana limejibika. Akasema, "Nusu, mwalimu. Nusu nyingine sasa ni kazi." Wenzake wakacheka tena, lakini safari hii yeye hakuketi. Alibaki amesimama, akaomba ruhusa atoke, akaenda dawati la mbele kwa mwenzake ambaye tangu Oktoba walikuwa hawasemezani. Sababu yake sikuijua, wala sikuiuliza. Walinong'ona kidogo. Yule mwenzake hakumjibu, akatazama chini. Mwanafunzi wangu akarudi mahali pake.

Ilikuwa bado majuma matatu kufika Noeli. Nikawaambia wafungue madaftari, tukaendelea na somo.